Kabla ya kukopa TV mpya, kagua waya wa antena

Shangazi yangu anaishi Likoni, na kwa sababu ya magoti hatoki nyumbani tena. Televisheni ndiyo mwenzake. Asubuhi husikiliza mawaidha, mchana hutazama mapishi, na ikifika saa moja usiku ni lazima habari. Mwaka jana ulipita mwezi mzima bila yeye kuziona habari hizo. Mchana picha ilikuwa safi kabisa. Ikiingia magharibi tu, sura za watangazaji zinakatika vipande vya mraba, sauti inagugumia, kisha kioo kinakuwa cheusi na kubaki maandishi ya kusema hakuna mawimbi.

Mwanawe alishaamua kwamba TV imechoka. Alikuwa amezungumza na duka moja ampe ya inchi 43, alipe kidogo kidogo kila wiki. Kabla ya hapo alikuja fundi, akawauzia "antena ya dijitali" pamoja na busta, na hali ikazidi kuwa mbaya. Shangazi akanipigia simu: "Mwanangu, njoo uiangalie kabla huyu hajanitia kwenye deni."

Nilienda. TV haikuwa na kosa lolote. Kilichooza ni kipande cha chuma kidogo kuliko kidole gumba, kule juu ya paa. Nitaeleza tulivyokifikia, kwa sababu naamini nyumba nyingi hapa Pwani zinatibu ugonjwa ambao hazina.

Magonjwa ni mawili

Tukisema "picha mbaya" huwa tunachanganya mambo mawili. La kwanza ni mapokezi, yaani mawimbi kutofika vizuri nyumbani kwako. Dalili zake ni picha kukatika vipande, kuganda, na kutoweka. La pili ni ubora wa picha yenyewe. Hapo picha haikatiki hata kidogo, lakini imefifia, haina makali, nyuso ni kama zimepakwa mafuta, na nyasi za uwanja wa mpira zinaonekana kama zulia lililolowa.

Dawa ya moja haitibu nyingine. Ukinunua TV kubwa kwa sababu ya mapokezi mabaya, utapata vipande vikubwa zaidi. Ukinunua antena kwa sababu picha imefifia, utapata picha ile ile iliyofifia.

Ipo njia rahisi ya kuyatofautisha: fumba macho usikilize. Mawimbi yakiwa mabaya, sauti nayo hukwama na kuruka maneno. Sauti ikienda vizuri tangu mwanzo hadi mwisho ilhali picha haikupendezi, iache antena mahali pake.

Kwa nini dijitali haitoi onyo

Wenye umri wangu wanakumbuka enzi za analojia. Mawimbi yakipungua, picha ilijaa chengachenga, lakini mtu alivumilia akatazama mechi mpaka mwisho. Ubaya uliongezeka pole pole, nawe ukaona unavyokuja.

Kenya ilianza majaribio ya dijitali mwaka wa 2009, baadaye ikahamia mfumo mpya zaidi uitwao DVB-T2, ndio tunaoutumia hadi leo. Mapema mwaka wa 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, na wengi hawajasahau jinsi vituo vikubwa vilivyotoweka hewani kwa karibu wiki tatu wakati wa mvutano ule. Tarehe ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa katika mkutano wa Geneva wa mwaka wa 2006 ilikuwa Juni 17, 2015.

Katika dijitali, picha haisafiri kama picha. Inageuzwa kuwa namba, namba zinapakiwa kwenye mawimbi, na king'amuzi chako kinazisoma na kuijenga picha upya. Pamoja na namba za picha hutumwa namba nyingine za akiba, ambazo kazi yake ni kurekebisha zile zilizoharibika njiani. Maadamu makosa ni machache, king'amuzi kinayafuta yote nawe unaona picha kamili. Makosa yakizidi kipimo hicho hata kwa kiasi kidogo, hakiwezi tena kurekebisha, na picha inavunjika.

Kwa hivyo ni kama kutembea juu ya genge usiku. Hatua moja kutoka ukingoni uko salama sawa na aliye mbali nao, na hatua inayofuata unaanguka. Picha safi haikwambii kama uko mbali na ukingo au umesimama juu yake.

Nyumba ya shangazi ilikuwa imesimama juu ya ukingo. Mchana ilishikilia. Swali langu likawa moja: kila magharibi ni kitu gani kinaisukuma?

Mistari miwili kwenye menyu

Karibu kila king'amuzi, na kila TV yenye king'amuzi ndani yake, kina ukurasa wa kuonyesha hali ya mawimbi. Utaupata kwenye menyu ya kutafuta stesheni, au ukibonyeza kitufe cha habari kwenye rimoti mara mbili tatu. Hapo kuna mistari miwili: mmoja umeandikwa "Strength", mwingine "Quality". Wa kwanza ni nguvu ya mawimbi, wa pili ni usafi wake.

Watu wengi hutazama nguvu tu. Usafi ndio unaoamua. Mtu anaweza kukupigia kelele sikioni na usielewe neno, na mwingine akakunong'oneza ukamwelewa vyema mahali penye utulivu. King'amuzi kinataka kuelewa.

Kwa shangazi, saa kumi alasiri nguvu ilikuwa asilimia 84 na usafi 40, tena ukirukaruka. Nikakaa barazani nikasubiri. Adhana ya magharibi ilipoisha, jirani akawasha taa yake ya nje, nasi tukawasha ya kwetu, ile iliyofungwa kwenye mlingoti wa antena. Usafi ukaporomoka hadi sufuri, lakini nguvu ikabaki 84. Tukaizima taa, picha ikarudi. Tukaiwasha, ikaondoka.

Taa za LED za bei rahisi zina kifaa cha kubadilisha stima ndani yake, na baadhi yake hutoa kelele za mawimbi zinazowasumbua majirani zake. Chaja duni za simu hufanya hivyo pia. Lakini taa peke yake isingeweza kuiangusha antena nzima iliyo sawa. Lazima palikuwa na mlango iliopitia.

Chumvi haina huruma

Mlango ulikuwa pale waya unapoingia kwenye antena. Waya wa antena una uti wa shaba katikati, na umezungukwa na wavu wa chuma. Wavu huo ndio ngao inayozuia kelele za nje zisiingie. Nilipofungua kiungo, wavu ulikuwa umegeuka unga wa kijani na shaba imekuwa nyeusi. Hakukuwa na ngao tena. Katikati ya njia kulikuwa na maungio mawili yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa na karatasi ya plastiki.

Hii ni shida ya Pwani zaidi kuliko ya Nakuru au Nyeri. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Kiungo kisichozibwa vizuri huliwa, na maji ya masika yakishaingia kwenye waya hushuka ndani yake kama kwenye mrija. Ukiona picha inaharibika mvua ikinyesha na kubaki mbaya hata siku mbili baada ya mvua, shuku maji ndani ya waya. Kwa antena ya kawaida mvua yenyewe haina madhara makubwa. Wenye sahani ya setilaiti hali yao ni tofauti: mvua kubwa huweza kuzuia mawimbi yake ya juu, na yakarudi mvua ikipungua. Hapo hakuna fundi wa kuitwa.

Kusi nayo hugeuza antena. Upepo unaovuma miezi kadhaa bila kupumzika hulegeza kishikio, na antena iliyokuwa ikitazama mnara ikawa inatazama bahari. Kwa sisi wa Mombasa, baadhi ya mitambo ya kurushia matangazo iko Mazeras, ambako ardhi imeinuka, kwa hivyo mtu wa Likoni huelekeza antena kaskazini-magharibi. Lakini usikisie. Tazama antena za majirani ambao picha yao ni nzuri, uone zinaelekea wapi na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama. Vyako viwe vivyo hivyo.

Wakati wa kaskazi kuna ajabu nyingine. Siku za joto na bahari tulivu, hewa iliyo juu ya maji hujipanga kwa matabaka, na mawimbi ya televisheni hupinda yakasafiri mbali kuliko kawaida. Enzi za analojia, jioni kama hizo mtu wa Kusini mwa Pwani angeweza kuona kituo cha ng'ambo ya mpaka kikiingia juu ya chake. Leo huoni kituo cha mgeni. Unaona vyako vikikatika tu, kwa sababu mawimbi ya mbali yanagongana na ya hapa kwenye masafa yale yale. Kila kitu kikiwa kimekazwa vizuri na majirani wote wanalalamika jioni moja, usipande juu ya paa. Subiri, itapita.

Antena ya dijitali ni ipi?

Shangazi aliuziwa antena kwa sababu sanduku lake limeandikwa "dijitali". Ukweli ni kwamba antena haijui dijitali wala analojia. Ni chuma kinachonasa mawimbi. Kinachojalisha ni masafa. Televisheni ya dijitali hurushwa kwenye UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Mawimbi hayo yana urefu wa sentimita 43 hadi 64 hivi, na vijiti vya antena huwa karibu nusu ya urefu huo. Chukua rula. Vijiti vingi vikiwa na sentimita 20 hadi 32, hiyo ni antena ya UHF na inafaa, hata kama ilinunuliwa enzi za marehemu babu. Vikiwa virefu zaidi ya nusu mita, ilitengenezwa kwa masafa ya VHF ya zamani.

Antena ndogo za ndani zinafaa kwa aliye karibu na mnara na dirisha linatazama huko. Chini ya paa la mabati, au ndani ya kuta nene za mawe kama zile za Mji wa Kale, utapata shida. Mabati huyazuia mawimbi, na ukuta mnene huyapunguza. Mita mbili za kupanda juu, ukaukwepa mnazi au tangi la maji la jirani, zinaweza kukusaidia kuliko kifaa chochote cha dukani.

Busta nayo haitengenezi mawimbi. Inakuza kila inachopewa, pamoja na kelele, na huongeza kelele kidogo ya kwake. Ikiwekwa nyuma ya TV, mwishoni mwa waya mbovu, inakuza ubovu. Mahali pake ni juu karibu na antena, kabla mawimbi hayajapotea njiani, na ni kwa nyumba iliyo mbali na mnara au yenye waya mrefu. Kwa aliye karibu na mnara, busta hukilemea king'amuzi na kuharibu picha iliyokuwa nzuri. Tena busta nyingi huvuta pia mawimbi ya simu, kwa sababu masafa ya megahezi 790 hadi 862 yaliyokuwa ya televisheni yalipewa mitandao ya simu.

Waya nao una hesabu yake. Ule mnene mzuri wa aina ya RG6 hupoteza nusu ya mawimbi kwa kila mita 20 hivi, na ule mwembamba wa bei ya chini hupoteza nusu mapema zaidi. Ukigawa waya kwa TV mbili, kila moja inapata chini ya nusu.

Kwa shangazi tuliiondoa busta, tukaweka waya mpya wa mita 12 usio na kiungo njiani, tukaziba kiungo cha juu kwa utepe wa mpira, na taa tukaihamishia ukutani. Nguvu ilishuka kutoka 84 hadi 61. Usafi ukapanda hadi 95 na ukatulia. Mwanawe alipoona nguvu imeshuka alidhani tumeharibu. Saa moja usiku mamake alitazama habari kutoka mwanzo hadi hali ya hewa, bila kukatika.

Na ile TV kubwa?

Miezi minne baadaye alimnunulia ya inchi 43, safari hii kwa pesa taslimu. Wiki moja hakupita akanipigia: "Kaka, hii mpya ni mbaya kuliko ile ya zamani. Haikatiki, lakini picha haina uzuri." Sasa tumefika kwenye ugonjwa wa pili.

Picha ya kawaida ya televisheni ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, jumla kama 415,000. Kioo cha Full HD kina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, yaani mara tano. Kituo kikirusha picha ya kawaida, TV inalazimika kubuni nukta nne kwa kila moja inayopokea. Tena kioo cha inchi 43 kina eneo karibu mara mbili ya kile cha 32. Ni samli ile ile inayopakwa kwenye mkate mkubwa zaidi.

Pili, stesheni haisafiri peke yake. Huenda kwa mafungu: stesheni nyingi hupakiwa kwenye masafa mamoja na kugawana nafasi, ambayo kwa mfumo wa DVB-T2 huwa kama megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde kulingana na mitambo ilivyopangwa. Stesheni zikizidi kwenye fungu, kila moja inapata nafasi ndogo na picha inabanwa. Mtangazaji aliyekaa kitini utamwona vizuri, lakini mpira ukianza, nyasi na wavu wa goli vinageuka ukungu. Hilo halitibiki nyumbani. Na kwa sababu ya mafungu hayo, ukiona stesheni kadhaa zimepotea kwa pamoja na nyingine ziko sawa, jua ni fungu moja lenye tatizo, si TV yako.

Yapo ya kurekebisha hata hivyo. Ndugu yangu alikuwa ameunganisha king'amuzi kwa nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Nyaya hizo hazibebi HD, hata stesheni ikiirusha. Tukaweka waya wa HDMI, kwani king'amuzi chake kilikuwa na tundu lake nyuma siku zote. Kisha tukaingia kwenye mipangilio ya picha. TV ilikuwa bado katika hali ya dukani, rangi kali na makali yamepandishwa juu, ambayo huzidisha madoa ya picha iliyobanwa. Tukayashusha, na tukarekebisha umbo la picha ili watu wasionekane wanene. Mwisho tukakisogeza kiti cha shangazi nyuma kidogo. Haikuwa picha ya sinema, lakini akaridhika.

Mpangilio wa kufuata

Ukipatwa na shida, anza na kisichogharimu kitu. Sikiliza sauti ujue ni ugonjwa upi. Waulize majirani kama wao pia wamepotelewa. Fungua ukurasa wa mawimbi utazame usafi, mchana na usiku, taa zikiwaka na zikizimwa. Chomoa busta ujaribu bila hiyo. Kaza viungo vya nyuma ya TV. Baada ya hapo ndipo uende juu, au umtume anayejua, na kamwe si wakati mabati yamelowa au waya wa stima uko karibu. Waya mpya ni wa mwisho kabla ya antena mpya, na antena kabla ya TV.

Ukienda kununua TV au king'amuzi, hakikisha kimeandikwa DVB-T2. TV za mitumba kutoka Marekani au Japani zina mifumo mingine kabisa, na nyingi za zamani za Ulaya na Dubai zinaishia DVB-T ya kwanza. Kioo kitawaka vizuri dukani kwa picha ya flashi, lakini nyumbani hakitashika stesheni hata moja bila king'amuzi cha nje.

Na fundi akija, mwombe akuonyeshe mstari wa usafi kabla hajagusa kitu na baada ya kumaliza. Kama haukupanda, hajakutengenezea chochote, hata akikuonyesha sanduku zuri namna gani. Siku hizi shangazi anausoma mwenyewe kwa rimoti. Juzi alinipigia kunijulisha kwamba umeshuka hadi 70. Nilimwambia kusi imeanza, na Jumamosi nitakuja kukaza kishikio.